Matundu ya mchicha si cheti: kilimo hai ni nini hasa, na sera zake zinaishia wapi

Jumamosi asubuhi, soko la Mgandini, Tanga mjini. Mama mmoja kashika fungu la mchicha, analigeuzageuza juani kama mtu anayekagua noti ya elfu kumi. "Mbona umeliwa na wadudu hivi?" Muuzaji, kijana wa miaka ishirini na kitu, hakusita. "Mama yangu, huo wa kilimo hai. Hayo matundu ndiyo cheti chake. Mdudu kala hakufa, na wewe utakula hutakufa." Watu wakacheka, mama naye akacheka, akatoa mia tano. Fungu la meza ya jirani lilikuwa mia tatu.

Mimi nilikuwa nyuma yake nasubiri bamia. Tangu siku hiyo neno hilo nalisikia kila mahali. Kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu mtu aliuliza kama ni kweli serikali inataka kupiga marufuku mbolea ili tule "hai" wote. Mmoja akamjibu kuwa kilimo hai ni kile cha mbegu za maabara. Mwingine akasema ni kilimo cha babu zetu tu, kimepewa jina jipya. Wa tatu akasema ni mambo ya Wazungu na bei zao. Kati ya hao watatu, wa kwanza kakosea kabisa, na hao wengine wawili kila mmoja kashika kipande.

Kilimo hai ni namna ya kulima yenye masharti yanayojulikana. Rutuba hujengwa kwa samadi, mboji, mazao ya mikunde na kubadilisha mazao shambani, si kwa mbolea za chumvichumvi. Wadudu na magonjwa hudhibitiwa kwanza kwa mpangilio wa shamba lenyewe, na viuatilifu vinavyoundwa kiwandani haviguswi. Mbegu zilizobadilishwa vinasaba haziruhusiwi, ila mbegu chotara za kawaida zinaruhusiwa, na watu wengi huvichanganya vitu hivi viwili. Sharti la mwisho ndilo linalosahauliwa kuliko yote: lazima pawe na njia ya kuthibitisha kwamba hayo mengine yamefanyika. Neno "hai" lenyewe linaelekea kwenye udongo. Udongo wenye minyoo, ukungu na vijidudu vinavyosaga majani makavu kuwa chakula cha mmea ndio unaoitwa hai.

Lina ndugu zake wanaofanana nalo sura. "Kilimo ikolojia" ni ukoo mpana zaidi: kinachukua misingi hiyo hiyo, lakini si lazima kiwe na cheti wala kikatae kila kitu cha kiwandani. "Kienyeji" ni habari ya mbegu au kizazi. Kuku wa kienyeji aliyelelewa kwa chakula na dawa za dukani ni wa kienyeji, si hai. Na "kilimo cha asili" kila mtu hukitafsiri apendavyo, kwa hiyo nakiacha hapo.

Ndoa na mashahidi wake

Turudi kwenye matundu. Jani lililotobolewa wiki iliyopita halijizibi. Mkulima anaweza kupiga dawa jana jioni, na leo asubuhi matundu yapo vilevile. Anaweza pia kuwa amepiga dawa mara tatu na wadudu wakaendelea kula kwa sababu wameshaizoea. Mchicha safi usio na tundu hata moja nao unaweza kuwa hai, kama msimu haukuwa na wadudu au mkulima alikuwa makini. Kwa macho, kwa ulimi, kwa kunusa, huwezi kujua. Ukubwa wa nyanya hausemi, wala umbo la karoti.

Ndiyo maana nasema kilimo hai kinafanana na ndoa kuliko kinavyofanana na tunda. Huwezi kumtazama mtu usoni ukajua kaoa. Unauliza: ilifungwa wapi, na mashahidi nani? Tofauti ya mia mbili aliyolipa yule mama haikuwa bei ya mchicha. Ilikuwa malipo ya ushahidi, na ushahidi wenyewe haukuwepo.

Mashahidi wako wa namna tatu. Wa kwanza ni mkulima mwenyewe na jirani yake mnunuzi: unamjua, unapita shambani kwake, unaona. Hakuna karatasi na haihitajiki. Wa pili ni wakulima wenzake. Huu unaitwa mfumo shirikishi wa uhakiki: wakulima wa kikundi kimoja, wakati mwingine pamoja na wanunuzi wao, wanakaguana mashamba, wanaweka kumbukumbu, na anayekiuka anatolewa. Gharama yake ni muda na nauli, na unafaa soko la ndani. Wa tatu ni kampuni ya ukaguzi ya kulipwa, inayotuma mtu shambani na kutoa cheti. Huyu ndiye anayetakiwa na mnunuzi wa Ulaya au Marekani, na huyu ndiye ghali.

Mashahidi wanahitaji kitu cha kushuhudia, yaani kiwango. Sisi tunacho. Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kiwango kimoja cha mazao ya kilimo hai, kikaja na alama yake iitwayo Kilimohai. Dunia nzima, kiwango kama hicho cha kanda kilikuwa cha pili baada ya cha Umoja wa Ulaya. Miaka yote hiyo imepita, na ukimuuliza mnunuzi wa Mgandini au wa Bagamoyo kama ameshaiona alama hiyo kwenye kitu chochote, atakutazama tu.

Pilipili manga ya Amani

Cheti cha kulipwa kinafanyaje kazi? Panda gari hadi Muheza, kisha upande milima ya Usambara Mashariki kuelekea Amani. Huko pilipili manga hupanda juu ya miti kama mkwezi: juu ya mfenesi, juu ya mgrivea, juu ya chochote kilichosimama. Chini yake kuna iliki, pembeni mdalasini na mkarafuu. Mazao haya mengi hayajawahi kuonja mbolea ya chumvichumvi. Ndiyo maana wanunuzi wa viungo hai waliyapenda haya maeneo mapema.

Nilifuatana siku moja na mkaguzi wa ndani wa kikundi kimoja, mkulima kama wenzake aliyefundishwa kujaza fomu. Alifika kwa mzee, wakasalimiana, "Shikamoo mzee," "Marahaba mwanangu," wakazungumza mvua na mjukuu aliyefaulu. Kisha akaomba kuona stoo. Hakwenda kwenye magunia ya pilipili. Alikwenda kwenye pembe, nyuma ya jembe bovu, akatoa chupa ya dawa ya kuua wadudu iliyobaki robo. Mzee akaeleza kuwa ni ya mahindi ya bondeni, shamba jingine kabisa, na ni ya mwanawe. Mkaguzi akauliza pampu ni ipi. Ni moja. Akaandika. Mzee hakufukuzwa, lakini aliambiwa chupa na pampu vihamie kwa mwanawe, na bonde lile lichorwe kwenye ramani ya shamba lake pamoja na nafasi ya kuyatenga mahindi na pilipili. Ilichukua kama saa nzima, kwa shamba la ekari mbili.

Hesabu hiyo izidishe kwa wakulima mia tano. Kanuni mpya za Umoja wa Ulaya, zilizoanza kutumika Januari 2022 huku nchi za nje zikipewa muda wa kujipanga, zimekaza zaidi. Kundi lisizidi wanachama 2,000, liwe limesajiliwa kisheria kwa jina lake, kila mwanachama akaguliwe na wakaguzi wa ndani kila mwaka, na kampuni ya nje irudie kukagua angalau asilimia 5 yao. Zamani cheti kilikuwa mara nyingi mali ya msafirishaji: akiondoka, anaondoka nacho, na wakulima wanabaki na pilipili hai isiyo na jina. Sasa kinatakiwa kuwa cha kundi. Mimi naona hilo ni jema, ila limekuja na bili.

Kuna na kipindi cha mpito. Kwa soko hilo la Ulaya, shamba la mazao ya msimu linalima kwa masharti ya hai miaka 2 kabla ya kupanda zao litakalouzwa kama hai; mazao ya kudumu ni miaka 3 kabla ya kuvuna. Katika muda huo mkulima anabeba masharti yote na anauza kwa bei ya kila mtu. Wengi hukatikia hapo. Wengine hukatika pilipili ikiwa bado mtini: ada ya shule imefika, mlanguzi kaja na fedha mkononi anataka mbichi. Pilipili mbichi kilo tatu hivi ndizo hutoa kilo moja kavu, na anayeuza mbichi huuza kwa uzito wa maji. Cheti hakisaidii kitu kwa mtu ambaye hawezi kusubiri jua la wiki moja.

Na tusiwape sifa wasizostahili. Iliki ya Usambara ililimwa kwa miaka mingi ndani ya msitu wenyewe, kwa kufyeka miti midogo na machipukizi ili iliki ipate nafasi. Dawa haikupigwa hata tone, na msitu ulidhoofika. Ndiyo maana baadhi ya viwango vya kilimo hai vinakataa pia kufyeka misitu ya asili. Kutokuwa na dawa peke yake hakutoshi.

Mfuko mmoja, magunia arobaini na sita

Wanaosema kilimo hai ni kilimo cha babu tu, wanasahau hesabu ya rutuba. Mfuko wa urea wa kilo 50 una nitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Samadi kavu ya ng'ombe, tuseme ina nitrojeni asilimia 1, maana hubadilika sana kwa malisho na jinsi ilivyohifadhiwa. Kupata kilo 23 hizo hizo unahitaji samadi kilo 2,300. Ukiipakia kwenye magunia ya kilo 50, ni magunia 46. Mfuko mmoja unakaa nyuma ya bodaboda. Magunia 46 yanataka gari, vijana wa kupakia, na ng'ombe wa kuyatoa kwanza.

Samadi ina mengine ambayo urea haina: fosforasi, potasiamu, na ule uozo mweusi unaoshika maji udongo wa kichanga usikauke kwa siku mbili. Nitrojeni yake pia hutoka polepole, msimu hadi msimu. Lakini uzito ni uzito. Hivyo kilimo hai kinachofanya kazi ni kile kinachotengeneza rutuba pale pale shambani: kunde, choroko, mbaazi na fiwi, ambazo mizizi yake huhifadhi vijidudu vinavyochukua nitrojeni ya hewani; mboji ya majani; ng'ombe wa maziwa wa bandani, ambao Tanga hatujapungukiwa. Tuna pia mabaki ya mkonge. Katika kilo 100 za majani ya mkonge, singa ni kama kilo 4 tu. Zilizobaki ni takataka kiwandani, zinaoza na kunuka, wakati kituo cha utafiti wa udongo cha Mlingano, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kiko hapo hapo Muheza, katikati ya nchi ya mkonge.

Mkulima asiyetia chochote shambani kwa sababu hana fedha, yeye halimi kilimo hai hata kama hajawahi kuishika chupa ya dawa. Anakamua udongo. Kila gunia la mahindi linalotoka linaondoka na rutuba yake, na hakuna kinachorudi.

Majimoto

Upande wa wadudu, mfano ninaoupenda uko juu ya minazi yetu. Kuna mdudu mfyonzaji anayechoma nazi changa, nazo zinapukutika kabla hazijakua. Adui yake ni majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini wanaoshona majani kuwa nyumba. Mnazi wenye majimoto wengi hubakiza nazi zake. Watafiti waliliona hili Zanzibar na pwani miongo mingi iliyopita, na limefanyiwa kazi hata kwenye mikorosho. Mkulima akipiga dawa kali, majimoto ndio hufa kwanza, na mdudu mfyonzaji hurudi akute nyumba haina mlinzi. Wanaowalinda huwafungia kamba kati ya mti na mti wapite bila kushuka chini, maana huko chini wako sisimizi wa kahawia wanaowapiga vita. Mkwezi hawapendi, na ukiumwa nao utaelewa jina lao limetoka wapi.

Hii haina maana kwamba kilimo hai hakina dawa. Kinazo: muarobaini, pareto, salfa, shaba kwa kiasi. Zinatoka kwenye orodha iliyokubaliwa, na kuwa za asili hakuzifanyi kuwa maji ya kunywa. Shaba ikizidi hukaa kwenye udongo miaka. Dawa yoyote ya kuuzwa, ya asili au ya kiwandani, inapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kuhusu afya ya mlaji nitasema kwa kifupi: mabaki ya dawa ni machache kwenye mazao hai, tofauti ya virutubisho ni ndogo, na mchicha uliokuzwa kwa samadi mbichi unaweza kukuletea tumbo la kuendesha hata kama una vyeti saba. Uoshe.

Je, mavuno ni haba? Tafiti mbili kubwa za mwaka 2012 na 2014, zilizokusanya matokeo ya mamia ya majaribio, zilikuta kilimo hai kinapungua kwa wastani wa asilimia 19 hadi 25 ukikilinganisha na kile cha kawaida. Lakini "cha kawaida" huko mara nyingi ni shamba linalomwagiwa pembejeo za kutosha. Kwa mkulima wa Handeni anayelima bila chochote, kuanza mboji na mikunde ni kupanda, si kushuka.

Sasa serikali

Hapa ndipo kundi letu la WhatsApp lilipogombana. Sera, mkakati, kiwango na bajeti vinatajwa kana kwamba ni kitu kimoja. Chukua harusi. Sera ni ukoo kukaa na kusema, "Binti yetu tumuoze, na kwa heshima." Mkakati ni kamati: nani anashughulikia ukumbi, nani chakula, lini. Bajeti ni michango iliyokwisha kuingia, na kila aliyewahi kuwa mhazini wa kamati anajua umbali uliopo kati ya ahadi na fedha taslimu.

Sera ya Taifa ya Kilimo ya mwaka 2013 inakitaja kilimo hai kwa jina. Kamati nayo ipo: Mkakati wa Taifa wa Kilimo Ikolojia Hai wa 2023 hadi 2030, uliozinduliwa Dodoma Novemba 2023. Hakuna mahali popote humo panapomkataza mkulima wa mahindi kununua urea. Mwaka mmoja tu kabla yake, tarehe 8 Agosti 2022 huko Mbeya, serikali hiyo hiyo ilizindua ruzuku ya mbolea iliyoshusha mfuko wa kilo 50 hadi takriban shilingi 70,000, wakati bei ya soko ilikuwa imepita 120,000. Serikali inayotaka kupiga mbolea marufuku haifanyi hivyo.

Hofu ya marufuku ina mzizi wake: Sri Lanka. Aprili 2021 nchi hiyo ilitangaza kuzuia uingizaji wa mbolea na dawa za viwandani, kwa ghafla, ikiwa pia imebanwa na uhaba wa fedha za kigeni. Mpunga ulianguka, chai ikayumba, wakulima wakaandamana. Novemba mwaka huo huo amri ikaondolewa. Rudi kwenye magunia 46, uzidishe kwa nchi nzima, utaona kilichotokea. Samadi hiyo haikuwepo, na mikunde haikuwa imepandwa.

Lawama yangu kwa sera zetu iko mahali pengine. Ruzuku iliundwa kwa kitu chenye mfuko, lebo na namba. Samadi inayosukumwa kwa mkokoteni kutoka banda la jirani haina hata kimoja, kwa hiyo ruzuku haiioni. Mkunde uliolisha udongo hauna risiti. Na shahidi, yule mkaguzi wa ndani anayetembea saa nzima kwa ekari mbili, analipwa na nani? Na wakulima wenyewe, au na mnunuzi wa nje, au na mradi wa wafadhili wenye tarehe ya kuisha. Mradi ukiisha, ushahidi unaisha, na pilipili inarudi kuwa pilipili tu. Halmashauri ikigharamia mafunzo ya wakaguzi wa vikundi na turubai za kuanikia, na afisa ugani akiijua mboji kama anavyovijua vipimo vya urea, hapo nitaamini kamati imepata michango.

Wiki iliyofuata nilirudi Mgandini kwa yule kijana. Nikamuuliza shamba liko wapi. Pongwe. Mbolea? Samadi ya ng'ombe wa shangazi yake, anaiacha ioze miezi mitatu ndipo anaitumia. Nikamuuliza wadudu. Akakuna kichwa. "Muarobaini, bosi. Ila wakizidi sana… ile ya dukani, kidogo tu. Nasubiri siku zile walizoandika kwenye chupa ndipo navuna."

Nikamwambia huo si mchicha hai, lakini ni mchicha wa mtu anayesoma chupa. Akacheka. Nikachukua mafungu mawili, kwa mia tatu mia tatu.